Mtu Asiyetaja Saa ya Kurudi

Katika miaka yote niliyomjua, Prof hakuwahi kutupa ganda la karanga chini. Alikula karanga kutwa: darasani kabla kengele haijalia, kwenye mikutano ya walimu, hata nje ya kanisa akingoja misa ya pili. Maganda yote yaliingia mfuko wa kulia wa koti lake, na jioni mke wake aliugeuza mfuko huo juu ya pipa la takataka huku akinung'unika. Ukipeana naye mkono, ulibaki na vumbi la karanga vidoleni. Wanafunzi walimwiga wakidhani haoni. Aliona, na siku ya mtihani wa mdomo aliwauliza hao hao kwanza.

Alifundisha jeografia katika shule moja ya Ibanda, hapa Bukavu, nilipofundisha mimi Kifaransa. Tulikuwa majirani pia, kule Nguba, nyumba yake ikiwa chini kidogo ya yangu, upande wa ziwa. Jina lake analo, lakini sikumbuki kusikia mtu akilitumia. Hata mke wake, ukibisha mlango mchana, alikwambia: "Prof amelala, rudia kesho." Basi na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Neno lake lilikuwa moja: "Umepima?" Mwanafunzi akisema leo kuna joto, Prof alimuuliza kama amepima. Mwalimu mwenzetu akilalamika kwamba darasa lake lina kelele kuliko mengine, Prof aliinua uso kutoka kwenye karanga zake na kuuliza kama amepima. Siku moja préfet, yaani mkuu wetu wa shule, alisimama mbele ya walimu wote akasema kiwango cha nidhamu kimeshuka. Sote tuligeuka kumtazama Prof. Alitafuna tu, lakini préfet mwenyewe alicheka na kikao kikaisha mapema.

Alikuwa mtu wa saa. Mwanafunzi aliyefika baada ya kengele alikuta mlango umefungwa, na haikusaidia kulia wala kuleta mama. Sisi walimu pia alitutazama kwa namna fulani tukichelewa, bila neno, mpaka ukajikuta unaeleza habari za matope ya mtaa wa Essence kwa mtu ambaye hakukuuliza. Lakini mtu huyo huyo, kila alipopanda mashua, alivua saa yake ya mkononi akaiweka ndani ya soksi, na soksi akaizamisha kwenye mkoba. Na hakuna aliyewahi kumtoa neno juu ya saa ya kurudi. Ungemuuliza mara ngapi, jibu lilikuwa lile lile: "Tutarudi."

Jambo hilo liliniudhi sana, na naomba nieleze kwa nini.

Kila mwaka, mvua kubwa zikipungua, Prof aliwapeleka ziwani wanafunzi wa mwaka wa tatu wa humanités, yaani sekondari ya juu. Alikodi mashua ya mbao, zile ndefu tunazoziita baleinière, kutoka kwa watu waliobeba vitunguu na mihogo kutoka Minova. Mashua ilikuwa na injini, lakini yeye aliisimamishia mlingoti na tanga, kwa sababu alitaka watoto wajifunze upepo kwa mikono yao. Siku nzima walipima maji: joto lake, uangavu wake, viumbe vyake vidogo, harufu ya yale ya chini. Jioni walirudi wamechomwa na jua, wananuka sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, na kwa wiki mbili hawakuzungumza habari nyingine.

Mimi nililikataa jambo hilo kabla hata sijawa na mtoto wa umri huo. Nilizaliwa Miti, juu, kwenye udongo na maharagwe, na kwetu ziwa lilikuwa kitu cha kutazama kwa mbali siku ya anga safi. Kisha mjomba wangu, aliyenisomesha, aliondoka Minova kwa mashua kuja Bukavu, na hakufika. Hatukupata hata kiatu. Tangu hapo sikuweka mguu majini. Nilikaa Nguba mita chache kutoka ufukoni kwa sababu nyumba ilikuwa ya ukoo wa mume wangu, na kila jioni nilifunga dirisha la upande ule.

Kwa hiyo Nsimire, binti yangu wa kwanza, alipofika mwaka wa tatu na kuniomba ruhusa, nilisema hapana. Alilia. Nilisema hapana tena. Baba yake alijaribu kuingilia kati, nikamwambia yeye alee wale wadogo.

Kesho yake Prof alikuja. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mkono mfukoni, akisagasaga maganda.

"Maman Nsimire, nasikia umekatala."

"Nimekatala, Prof. Na usinibembeleze."

"Sikuyi kukubembeleza. Nakuya kukuambia gilet yako iko tayari. Kila mwaka nabeba muzazi moja. Muzazi mwenye kukatala kuliko bote, ule ndiye nabeba. Mwaka hii ni weye."

Nilidhani anatania. Hakutania. Ndiyo ilikuwa desturi yake, na niliisikia siku ile kwa mara ya kwanza: mzazi aliyepiga kelele zaidi ndiye aliyepata koti la kujiokolea la rangi ya chungwa na nafasi ya katikati ya mashua. Wengi walikataa kwenda, na mtoto wao akabaki nyumbani. Wachache walikwenda.

"Na tutarudia saa ngapi?" nilimuuliza.

"Tutarudia."

"Prof, mimi ni mama. Mama anapashwa kujua saa."

"Tutarudia," akasema, akaondoka.

Nilikasirika usiku ule mpaka chakula kikaungua. Lakini nilijua pia kwamba nikimkatalia Nsimire mara ya tatu, kitu fulani kati yetu kingevunjika, na sikujua kama ningeweza kukitengeneza. Jumamosi asubuhi tulishuka pamoja mpaka gati. Mume wangu alitusindikiza akiwa bado na kandambili, akauliza kama tutarudi kwa chakula cha mchana, na Prof akamjibu kabla sijafungua mdomo.

"Mutajua tumerudia mukituona," alisema. "Weye lala, Papa Nsimire."

Kuna mengine lazima niyaseme juu yake kabla ya mashua kuondoka, maana ukimjua wa ziwani peke yake hujamjua.

Aliogopa pikipiki. Mtu aliyekuwa tayari kushika usukani wa mashua kwenye mawimbi, ungemwambia apande moto, kama tunavyoziita, mpaka Kadutu angekwambia ana mambo ya kufanya. Alitembea. Alipanda kilima chote cha Kadutu kwa miguu, koti mkononi, jasho likimtiririka, na madereva wa moto waliomjua walimfuata taratibu wakimpigia honi kwa kumchokoza. Aliwaambia kwamba ziwa angalau halina watu wanaoendesha huku wanapiga simu.

Alikuwa bahili wa sifa. Mtoto aliyepata alama zote aliandikiwa "inawezekana" pembeni ya karatasi. Nsimire aliwahi kupata neno hilo akalibandika ukutani juu ya kitanda chake. Lakini nyumbani kwa Prof ukiomba sukari kidogo, mke wake alikuletea nusu ya mfuko, kwa sababu Prof ndiye aliyesema wapewe, watoto wa jirani wanakunywa chai kila siku.

Aliimba kwaya, na aliimba vibaya. Padri alimsogeza mstari wa nyuma, kisha pembeni, kisha akampa kazi ya kugawa vitabu vya nyimbo. Aligawa vitabu akiimba.

Na darasani hakuruhusu neno la Kiswahili. Kifaransa kuanzia mlangoni, na kizuri, chenye vitenzi vilivyokaa mahali pake. Mimi mwalimu wa lugha hiyo nilimpenda kwa hilo. Ila ukiweka mguu kwenye mashua yake, Kifaransa kilikwisha. Nilimuuliza sababu pale gatini, wakati watoto wanafungiana makoti ya chungwa. Alinijibu bila kugeuka, akikagua kifundo kwenye kifua cha mtoto mmoja.

"Mutu mwenye kuogopa anasahau Kifaransa," alisema. "Nataka banisikie bote."

Tulitoka. Wavuvi wa sambaza walikuwa wanarudi kutoka kazi ya usiku, pirogi zao tatu tatu zimefungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba kwa zamu wakipiga makasia. Nsimire na wenzake waliwapungia mikono. Mimi nilishika ubao niliokalia kwa mikono miwili. Papa mmoja, mzee wa kisiwa cha Idjwi aliyekuwa na kazi ya injini, alinitazama, akanisogezea kipande cha godoro nikalie, na sijasahau wema huo.

Tulipopita rasi za Ibanda, pale nyumba kubwa zinapofika mpaka majini, Prof alizima injini. Kimya kilichofuata kilinishtua. Kisha aliwaita watoto wanne wakapandisha tanga. Lilikuwa zito, rangi ya khaki iliyofifia, lenye viraka vya magunia ya unga, na juu kabisa, karibu na ncha ya mlingoti, turubai ya zamani ilionekana ilivyokuwa mwanzo. Lilipiga mara mbili, likajaa, na mashua ikaenda bila sauti yoyote isipokuwa maji.

Nitasema ukweli: ilipendeza. Nilijaribu kutopendezwa, nikashindwa.

Kazi ilianza. Walikuwa na kifuniko cha ndoo kilichopakwa rangi nyeupe na nyeusi, chenye jiwe chini yake, cha kupimia uangavu wa maji. Walikishusha kwa kamba yenye vifundo mpaka kikapotea machoni, kisha wakakipandisha kidogo mpaka kikaonekana tena. Walikuwa na wavu uliotengenezwa kwa soksi ndefu ya mwanamke, nao ulitoka na maji ya kijani hafifu, na Nsimire akatia tone chini ya darubini ndogo akaanza kucheka peke yake. Aliniita. Niliacha ubao wangu, nikapiga magoti, nikaona vitu vidogo vyenye miguu vinarukaruka kwenye mwanga. Binti yangu alivitaja kimoja kimoja kwa majina yake. Sikujua kwamba anayajua.

Mwisho walishusha chupa yenye jiwe, kamba yote, kisha wakavuta uzi wa pili uliong'oa kizibo kule chini. Ilipopanda, Prof alimpa kila mtu anuse. Ilinuka yai bovu.

"Ziwa yetu iko na étage mbili," aliwaambia. "Ile ya juu inapumua. Samaki beko kule, na siye tuko kule. Ya chini haipumue. Gaz iko kule, imelala. Hakuna kitu inaishi kule chini."

Mtoto mmoja aliuliza kama gesi hiyo inaweza kuamka.

"Siku moja, pengine. Njo maana tunapima," Prof alisema. "Mutu mwenye kupima, anajua anaogopa nini."

Tulikula mkate na mayai. Karanga zilizunguka, na maganda yote yakarudi kwake, mkono kwa mkono, mpaka mfukoni. Ziwa, aliwaambia watoto, halikuomba takataka zetu.

Baada ya chakula upepo ulikufa. Tanga lilining'inia. Papa wa Idjwi alivuta kamba ya injini, ikakohoa, akavuta tena, ikakataa. Alifungua kitu, akapuliza kitu, akatikisa kichwa. Na wakati anafanya hivyo, juu ya Idjwi anga iliingia giza, na giza lile lilianza kuja kwetu.

Nilijua basi kwamba nitakufa kama mjomba wangu, na kwamba nimemleta mwanangu mwenyewe kwa mikono yangu. Sikulia. Nilimvuta Nsimire akae kati ya magoti yangu, mtoto mkubwa vile, na yeye alikubali.

Prof hakupaza sauti. Aligawa makasia, akataja kila mmoja kwa jina la mama yake: mutoto ya Maman Aline, weye huku, mutoto ya Maman Bahati, weye kule. Nilidhani ni mzaha, lakini niliona watoto wanatulia kila walipotajwa hivyo. Tulipiga makasia kuelekea kisiwa kidogo kilichokuwa karibu, chenye mikaratusi michache na banda la wavuvi lisilo na paa. Mimi pia nilipewa kasia. Nilipiga. Mvua ilitufikia tukiwa tumebakiza kidogo tu kugusa mawe, upepo ukaja nyuma yake, na mawimbi yakapanda mpaka mashua ikawa inajipiga tumbo. Lakini mawe tuliyagusa. Watu wote walishuka, na mashua wakaivuta nusu juu ya changarawe.

Prof alishusha tanga, akalitandaza juu ya kuta za lile banda, akalifunga pembe zake kwa mawe na kamba. Tukaingia wote chini yake, tumebanana, tunatetemeka. Mvua iligonga turubai mpaka ilibidi kusemea sikioni. Aliketi karibu nami. Alichukua karanga, akaniwekea mkononi.

"Batu ya kwetu bako banalia sasa," nilimwambia. Nilikuwa namwona mume wangu gatini, na mama mkwe wangu ameshika kichwa.

"Banalia juu ya nini? Ulibaambia saa?"

"Weye ulikatala kuniambia."

"Basi habalii. Kama hakuna saa, hakuna kuchelewa. Bako banapika."

Nilimtazama nikataka kumpiga na kasia. Naye, pengine kwa kuwa aliliona hilo, alinyoosha kidole kuelekea juu, kwenye turubai iliyokuwa inatulinda.

"Unaona hii bâche? Ni ya kilio yangu."

Akanisimulia, kwa vipande, akingoja ngurumo zipite. Alikuwa mwanafunzi bado, kabla ya simu za mkononi. Alikwenda na pirogi ya tanga kuelekea Kalehe kuchota maji ya kupima, na asubuhi alimwambia mama yake: nitarudi saa tisa. Upepo ulikufa, kama leo. Akalala Idjwi kwa watu wema, akala viazi, akalala vizuri. Nyumbani saa tisa ilifika, ikapita. Saa kumi mama yake akaanza kusimama njiani. Jioni mtu mmoja akasema ameona pirogi imepinduka, hakusema ya nani. Asubuhi walikodi viti. Wakatundika turubai ya lori uani, wanawake wakaja, ami yake akashuka kutoka kijijini na mbuzi. Na mchana, watu wamejaa, Prof akaingia langoni na gunia la chupa za maji begani, akauliza nani amekufa.

Nilicheka. Chini ya mvua ile, huku nimeshika mkono wa mwanangu, nilicheka mpaka Nsimire akaniuliza kuna nini.

"Tulikula ile mbuzi," Prof alisema. "Lakini maman yangu hakukula. Alinipiga kofi, kisha akanishika shati. Hakuniacha mpaka usiku. Akaniambia: ziwa haikuniua, saa njo iliniua. Usinipe tena saa. Uniambie tu unaenda."

Ile turubai hakuna aliyeitaka nyumbani tena, alisema. Watu walisema imeshakiita kifo, ikichukuliwa tena itakirudisha. Akaichukua yeye, akaishona ikawa tanga, na tangu hapo haikuwahi kutandikwa juu ya msiba wa mtu. Leo ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa paa tena, na waliokuwa chini yake wote walikuwa hai. Kisha akaniuliza kama kuna karanga zimebaki.

Mvua ilipita kama zinavyopita za kwetu, kwa ghafla. Injini ilikubali baada ya papa wa Idjwi kuibembeleza kwa kitambaa kikavu. Tulirudi polepole, tanga limelowa limekunjwa miguuni mwetu, na taa za mji zilikuwa zimeanza kuwaka juu ya rasi. Gatini hakukuwa na kilio. Wazazi wachache walikaa juu ya mawe wakizungumza, mmoja alikuwa ananunua ndizi. Mume wangu alifika baada yetu, bado na kandambili, akatutazama tulivyoloa.

"Mumekula?" akauliza.

Nilikaa chini pale pale kwenye mawe nikacheka na kulia kwa pamoja, na yeye hakuelewa. Nafuu niliyoipata jioni ile sijaipata tena mahali pengine, hata siku nilipojifungua. Usiku ule sikufunga dirisha la upande wa ziwa.

Safari ziliendelea. Kuna mwaka ambao hazikufanyika, na kila mtu Bukavu anajua miaka yetu ya vita ilivyo. Shule zilifungwa, zikafunguliwa, tukaendelea. Prof alistaafu. Magoti yalimkataza mashua kwanza, kisha yakamkataza Kadutu, na madereva wa moto wakasema hatimaye watampata, lakini hawakumpata. Nsimire alisoma mambo ya maji, akawa msaidizi katika taasisi moja hapa mjini. Na safari za ziwani alizirithi yeye: mashua ile ile ya vitunguu, kifuniko cha ndoo kipya, tanga lile lile na viraka zaidi. Kila mwaka anambeba mzazi aliyekataa kuliko wote. Na mimi mama yake, hajawahi kunitajia saa.

Wiki chache zilizopita, siku ya safari, wingu lilisimama juu ya Idjwi tangu mchana. Nilijizuia nyumbani kadiri nilivyoweza, kisha nikashuka. Gatini, juu ya ubao wa mashua iliyovunjwa, alikaa Prof.

Amekonda. Koti lile lile sasa ni pana. Nilikaa kando yake, tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, za magoti, za mke wake. Alikuwa anakula karanga haraka haraka, bila kutazama mikono yake. Macho yake yalikuwa majini.

"Uko hapa tangu saa ngapi, Prof?"

"Nafika tu sasa," alisema.

Papa mmoja aliyekuwa anafuma wavu karibu yetu alikohoa. "Yuko hapa tangu asubui," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na wavu wake.

Prof alimenya karanga nyingine. Kisha akaniuliza, pasipo kunitazama:

"Nsimire alikuambia batarudia saa ngapi?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Miaka yote ile, na swali limetoka kwake. Ningeweza kumcheka, na alistahili, lakini niliona mkono wake unavyotafuta ndani ya mfuko wa karanga bila kutoa kitu.

"Batarudia," nilimwambia.

Alitikisa kichwa polepole.

"Ni muzuri kwa ule mwenye kuenda," alisema baadaye. "Kwa mwenye kubakia, sikukuwa najua. Sikubakiaka hata siku moja, Maman Nsimire. Siku zote nilikuwa mule ndani."

"Umepima ile wingu?"

"Nimepima. Inaenda kwa Rwanda, haikuye huku." Akatafuna. "Naogopa vilevile."

Tukangoja. Na mimi moyo wangu ulikuwa mahali pamoja na wake. Wingu lilisogea, kweli, upande aliosema. Jua likatoka chini yake, na kwa muda mrefu hakukuwa na kitu juu ya maji isipokuwa pirogi za wavuvi zikitoka kwenda kazini. Kisha, karibu na rasi ya mwisho, likaonekana lile tanga la khaki na viraka vyake, limejaa, linakuja bila haraka. Prof alisimama. Midomo yake ilikuwa inahesabu vichwa. Alipomaliza alihesabu tena, akavuta pumzi, akaketi, akasimama tena.

"Mimi naenda," alisema. "Usimuambie nilikuwa hapa. Atasema nimezeeka."

Akapanda njia ya kwenda juu, kwa miguu, taratibu, akisimama kila baada ya hatua chache kujifanya anatazama maua ya ua wa watu.

Watoto walishuka kwa kelele, wamechomwa na jua. Nyuma yao alishuka mama mmoja amevaa koti la chungwa, anamchekea kila mtu anayemwona. Nsimire alikuja wa mwisho. Alinibusu, nguo zake zinanuka sambaza.

"Maman, ulingoja sana?"

"Nafika tu sasa," nilisema.

Alitabasamu, kisha macho yake yakashuka kwenye ubao niliokalia. Upande wangu mchanga ulikuwa safi. Upande wa pili, mahali miguu ya mtu mwingine ilipokuwa, maganda ya karanga yalikuwa yametapakaa kila mahali, mengi, mengine yamekanyagwa mpaka yakazama kwenye mchanga.

Binti yangu aliyatazama, akatazama njia ya kupanda juu. Alichuchumaa pale, akayaokota moja moja, akayatia mfukoni mwake.